Vitufe vya laptopu vimegoma? Anza hapa kabla hujapanda daladala ya Kariakoo

Mwanafunzi mmoja wa chuo alifika kwenye meza yangu Sinza na laptopu begani na kibodi mpya ndani ya bahasha ya kaki. "Kaka, nibadilishie tu, kibodi nimeshanunua." Nikamwomba aandike neno lolote. Akaandika "jumla". Kwenye skrini ikatokea "1403a". Nikashika Fn, nikabonyeza Num Lk, nikamrudishia mashine yake. Kazi ilikuwa imeisha, lakini pesa ya kibodi ilikuwa imeshaenda, na duka lililomuuzia lilikuwa na lile bango la "mali ikishauzwa haitarudishwa".

Tangu siku hiyo sigusi bisibisi kabla ya kujua ugonjwa uko wapi. Ukifuata mpangilio huu, nusu ya matatizo utayamaliza nyumbani bila kufungua skrubu hata moja, na yakikushinda utakwenda kwa fundi ukijua cha kumwambia.

Ita majina kama mwalimu mwenye rejesta

Fungua Notepad, ubonyeze kila kitufe mara tatu, safu kwa safu kutoka kushoto. Usiridhike na mara moja, kwa sababu kitufe kinachoitika mara moja kati ya tatu kinaumwa kitu tofauti na kile kilichonyamaza kabisa. Kwa Shift, Ctrl, Alt na mishale, ambavyo haviandiki herufi, fungua kibodi ya kwenye skrini kwa kubonyeza Windows, Ctrl na O kwa pamoja. Ukibonyeza kitufe cha kweli, pacha wake kwenye skrini anawaka. Asiyewaka hajafika shule. Kama hata Ctrl imekufa, ingia Settings kwa kipanya, kisha Accessibility, kisha Keyboard, utaikuta hapo. Kwenye Windows 10 sehemu hiyo inaitwa Ease of Access.

Andika matokeo kwenye karatasi, maana yanakwambia mengi. Kitufe kimoja au viwili vilivyokaa jirani vikigoma, shuku uchafu au kipira kilichochoka. Vikigoma vitano sita vilivyotawanyika, ambavyo ukivitazama huoni undugu wowote kati yao, shuku njia ya umeme iliyokatika ndani. Kibodi nzima ikiwa kimya, tatizo ni utepe wa kuiunganisha uliochomoka, programu, au mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Vitufe vikitoa kitu kingine badala ya herufi zake, usifungue chochote, huo ni mpangilio uliobadilika. Na kitufe kinachojibonyeza chenyewe, "aaaaaaa" hadi mwisho wa ukurasa, mara nyingi kimeonja kinywaji.

Je, herufi iliyokufa iko kwenye nywila na huwezi hata kuingia? Kwenye kona ya chini kulia ya ukurasa wa kuingilia kuna alama ya Accessibility. Ibonyeze, washa On-Screen Keyboard, uandike nywila kwa kipanya. Nimeshaletewa mashine iliyopigwa Windows upya, na kazi zote za mwenyewe zikafutika, kwa ajili ya herufi moja ya nywila.

Azima kibodi ya USB

Kipimo hiki ndicho ninachokiamini kuliko vyote, na hakina gharama. Azima kibodi ya USB ofisini, kwa jirani, au kwenye steshenari ya mtaani, uichomeke, ubonyeze vitufe vilevile vilivyogoma. Vikigoma na huko, kosa liko kwenye mpangilio wa Windows. Vikikubali, kosa liko kwenye kibodi ya ndani au kwenye njia inayoiunganisha na mazabodi.

Kuna jambo watu wengi hawaambiwi: dereva, yaani programu inayoiongoza kibodi, haichagui herufi. Dereva ya kibodi ikiharibika inaangusha kibodi nzima. Kwa hiyo kama ni R peke yake iliyokufa, na kwenye kibodi ya kuazima R inaandika, usichome bando lako kupakua dereva wala kupiga Windows upya. R itabaki imekufa.

Kibodi nzima ikiwa kimya, kuna kipimo cha pili. Zima mashine, iwashe, na hapohapo gongagonga kitufe cha kuingilia BIOS, programu ya mashine inayoamka kabla ya Windows: Dell na Acer ni F2, HP ni F10 au Esc, ThinkPad ni F1 au Enter. Huko Windows bado haijaamka. Ukifanikiwa kuingia na mishale ikakutembeza juu na chini, kibodi ni nzima na mgonjwa ni Windows. Usipoingia, na una hakika umegonga kitufe sahihi, jiandae kwa bisibisi.

Magonjwa ya mpangilio

Anza kwa kuwasha upya, na namaanisha Restart, si Shut down. Kwenye Windows 10 na 11, Shut down ya kawaida inahifadhi sehemu ya mfumo ili kesho iwake haraka, kwa hiyo kosa la leo linaweza kulala nao na kuamka nao. Restart inaanza upya kweli.

Ikiwa kitufe kinakubali tu pale unapokishikilia sekunde nzima, umewasha Filter Keys bila kujua. Inawashwa kwa kushikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8. Unasoma huku kidole kimelala pale, kinatokea kidirisha, unabonyeza Enter kukiondoa, kumbe umekubali. Ndugu yake ni Sticky Keys, inayowashwa kwa kubonyeza Shift mara 5 mfululizo. Hiyo inafanya Ctrl au Alt ionekane imebaki imebonyezwa, ukiandika herufi zinageuka amri. Zote mbili ziko Settings, Accessibility, Keyboard. Zizime, kisha zima na vile vijia vyake vya mkato visije vikazirudisha.

Ukibonyeza @ ikatoka alama ya kufunga na kufungua usemi, na ukibonyeza hiyo ikatoka @, umeangukia kwenye mpangilio wa Uingereza. Laptopu nyingi tunazonunua hapa mjini zimetumika kwanza Ulaya, na aliyepiga Windows hakuangalia. Bonyeza Windows na kitufe cha nafasi kuchagua lugha nyingine. Ikiwa Y na Z zimebadilishana nafasi, huo ni wa Ujerumani, na A ikigeuka Q ni wa Ufaransa. Hakuna kilichoharibika.

Ile ya "1403a" inazikumba zaidi laptopu ndogo za zamani zisizo na safu ya namba upande wa kulia. Ndani ya herufi zake kuna kikokotoo kilichojificha: U, I, O ni 4, 5, 6, J, K, L ni 1, 2, 3, na M ni sifuri. Num Lock ikiwaka, upande wa kulia wa kibodi unaandika hesabu huku wa kushoto ukiendelea na herufi. Tafuta kitufe chenye Num au NumLk, mara nyingi kwa rangi tofauti, ukibonyeze pamoja na Fn.

Kibodi nzima ikiwa imelala lakini BIOS iliikubali, chomeka kipanya, bonyeza kulia kwenye kitufe cha Start, fungua Device Manager, kisha Keyboards. Kibodi ya ndani mara nyingi imeandikwa Standard PS/2 Keyboard. Bonyeza kulia, chagua Uninstall device, kisha Restart. Windows ikiamka itaisajili upya yenyewe.

Mwisho kabla ya bisibisi, inyime mashine umeme. Zima, chomoa chaja, toa betri kama inatoka kwa nje, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Hapo chaji iliyobaki kwenye saketi inaisha, na ile chipu inayosimamia kibodi inaanza upya. Inasaidia kibodi nzima iliyoganda, hasa baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Kwa herufi moja haisaidii.

Wakati mashine imezimwa, iweke juu ya meza iliyonyooka uitazame kwa ubavu. Kama kibodi imefura katikati, au eneo la kuchezea kipanya (touchpad) limeinuka, betri imevimba na inasukuma vitufe kutoka chini. Hapo acha kuchaji, usibonyeze, usitoboe, peleka kwa fundi aitoe. Betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kuwaka moto, na kitufe kilichogoma ni dalili yake tu.

Kama kitu kimemwagika

Hapa nitakaa kidogo, maana kwenye meza yangu hiki ndicho kisa cha kila wiki: chai ya maziwa, soda, juisi ya miwa, maji ya chupa iliyoachwa bila kifuniko karibu na mtoto.

Maji peke yake hayaui kompyuta haraka. Yanaua yakikutana na umeme, kwa sababu shaba na fedha za kwenye njia za umeme zinaanza kulika ndani ya unyevu wenye umeme. Ndiyo maana sekunde za kwanza ni za kuzima tu. Usihifadhi faili, usiage mtu kwenye simu ya video. Shikilia kitufe cha kuwashia hadi skrini ife, chomoa chaja, toa betri kama inatoka. Kisha fungua skrini na uigeuze mashine iwe kama paa la banda, kibodi ikitazama chini, juu ya taulo, ili kimiminika kitoke kilikoingilia badala ya kushuka kwenye mazabodi.

Iache hivyo mbele ya feni kwa saa 48. Usiichome juani, na usiipulize kwa drai ya saluni, kwa sababu joto linapinda plastiki na upepo wake unasukuma maji ndani zaidi. Na mchele uache jikoni. Hauvuti maji yaliyoko ndani ya mashine, bali unaacha vumbi la wanga na punje kwenye matundu. Nimeshatoa punje kwenye feni ya laptopu, mwenyewe akashangaa kama vile nimemtolea jini.

Baada ya hapo inategemea kilichomwagika. Maji safi yakikauka, mara nyingi unapona. Maji ya kisima, ambayo sehemu nyingi za Dar yana chumvi, yanaacha chumvi hiyo ndani, na chumvi inavuta unyevu wa hewa kila masika. Soda na chai yenye sukari hazikauki kwa maana ya kweli. Zinageuka gundi, kitufe kinashuka na kuchelewa kupanda, na usiku sisimizi wanakuja kumalizia. Kwa kinywaji chenye sukari au maziwa, usisubiri saa 48 kisha uwashe kwa bahati nasibu. Peleka ifunguliwe na isafishwe ikiwa bado imezimwa, kwa sababu betri ya ndani inaendelea kupeleka umeme kwenye baadhi ya sehemu hata skrini ikiwa nyeusi.

Kitufe kimoja: usafi

Vumbi la barabara, makombo ya andazi, ukucha, unga wa karanga: vyote nimevikuta. Zima mashine, chomoa chaja. Iinamishe karibu isimame wima, kama nyuzi 75, ugongegonge mgongo wake taratibu, kisha pitisha brashi laini ya rangi au mswaki mpya mkavu kati ya vitufe. Ukiwa na kopo la hewa au bloa ya fundi, puliza kwa vipindi vifupi kutoka pembeni. Usipulize kwa mdomo. Mdomo unatoa mate.

Kikiendelea kunata, tumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, ileile wanayooshea saketi mafundi simu. Spiriti ya duka la dawa ina maji ndani yake, kwa hiyo ukikosa nyingine, tumia kidogo na subiri zaidi. Sanitaiza ya jeli usiiguse. Lowesha pamba ya sikio, si kumwaga, zungusha kwenye kingo za kitufe, kibonyeze mara ishirini ili dawa iingie, uache saa moja.

Kukitoa kitufe ni hatua ya mwisho, na wengi wanakivunja hapa. Chini ya kila kitufe kuna mkasi mdogo wa plastiki, na katikati yake kipira laini kama chuchu ya chupa ya mtoto. Ingiza kadi ya plastiki iliyokwisha kazi kwenye kona ya juu, inua taratibu hadi kitoe "tik", kisha kona ya pili. Kikikataa, acha, kwa sababu mashine nyingine zinashika kwa chini na si kwa juu. Safisha pale chini, hakikisha kipira hakijachanika wala kubanduka, rudisha mkasi kwanza, kisha kitufe, ukikandamiza kwa kidole gumba. Ya nafasi, Enter na Shift usizitoe kama hujawahi. Zina vijiti vya chuma pembeni, na kuvirudisha kunaweza kukula mchana mzima.

Wenye MacBook za kati ya 2015 na 2019 zenye vitufe vyembamba vya muundo wa kipepeo, msikae kuhangaika na kadi. Muundo ule ulikuwa dhaifu kwa vumbi tangu kiwandani, hadi Apple ikakubali mwaka 2022 kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi iliyofunguliwa na wateja Marekani. Kuvitoa vitufe vile bila kuvunja ni kazi ya fundi aliyevizoea.

Kundi la vitufe: ndani kuna gridi

Kibodi haina waya mmoja kwa kila kitufe. Ndani yake kuna karatasi tatu za plastiki. Ya juu na ya chini zimechorwa njia za umeme, ya kati ina matundu. Njia hizo zimepangwa kama mitaa ya Kariakoo, mingine inakwenda huku na mingine inaikata. Mara nyingi ni njia 8 kwa 16, yaani makutano 128, na kila kitufe kina makutano yake. Ukibonyeza, karatasi zinagusana na chipu inasoma mtaa gani umekutana na upi. Mtaa mmoja ukikatika kwa kutu, nyumba zake zote zinazimika kwa pamoja, na kwa macho ya juu zinaonekana hazihusiani.

Lakini kabla ya kuihukumu kibodi, angalia utepe wake, ule mkanda bapa unaoingia kwenye mazabodi. Laptopu inayosafiri kwenye begi kila siku kwenye mwendokasi inaweza kuulegeza. Kama una mkono mtulivu:

1. Zima, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini kwa bisibisi ya nyota, na panga skrubu kwenye karatasi kulingana na zilipotoka. Ndefu ikirudi mahali pa fupi inaweza kutoboa hadi upande wa pili.
2. Chomoa plagi ya betri kwanza, kabla ya kugusa kitu kingine chochote.
3. Tafuta utepe wa kibodi. Kwenye soketi yake kuna kifungio chembamba. Kingine kinainuka kama kope, kingine kinavutwa mbele. Kifungue kwa ukucha. Ukivuta utepe bila kukifungua, utakwenda kununua zaidi ya kibodi.
4. Toa utepe, tazama meno yake. Yakiwa na weusi au ukijani, futa kwa pamba yenye alkoholi, uache ukauke.
5. Urudishe ukiwa umenyooka hadi mwisho, funga kifungio, rudisha plagi ya betri, jaribu kabla ya kufunga skrubu zote.

Vitufe vilevile vikigoma tena, njia zimekatika ndani. Wapo wanaochora njia upya kwa wino wa fedha. Nimeijaribu mara mbili, mashine zote mbili zikarudi mezani. Siipendekezi.

Ukifika kwenye kununua

Usinunue kwa jina la laptopu peke yake. Modeli moja inaweza kuwa na kibodi tatu tofauti. Cha kuaminika ni namba ya kipuri iliyo kwenye stika nyuma ya kibodi yenyewe, kwa hiyo itoe kwanza, uipige picha, ndipo upande gari. Ukiwa dukani, linganisha urefu wa utepe na upande unaotokea, mahali pa skrubu, na umbo la Enter: ya Marekani imelala, ya Uingereza imesimama kama buti. Enter ya buti kwenye fremu ya Marekani haiingii, hata muuzaji aape vipi. Angalia pia kama yako ina taa chini ya vitufe. Yenye taa ina utepe mdogo wa pili.

Uliza ugumu wa kuibadilisha. ThinkPad za zamani kama T420 na T430 unafungua skrubu chache chini, zenye alama ya kibodi, na inatoka kwa juu. Nyingi za kisasa zimebanwa kwa vichwa vya plastiki vilivyoyeyushwa kiwandani, na kuibadilisha ni kuivunjavunja mashine nzima. Kwa hizo mara nyingi nashauri kununua fremu ya juu yenye kibodi yake tayari. Inagharimu zaidi, lakini kibodi iliyobandikwa kwa gundi inaanza kucheza baada ya muda.

Fundi akimaliza, usilipe kabla ya kuita majina upya, vitufe vyote, mara tatu tatu, mbele yake.

Na kama mfuko hauruhusu sasa, hamisha kazi ya kitufe kilichokufa. PowerToys ya Microsoft ni ya bure, na ndani yake kuna Keyboard Manager: unaiambia, kwa mfano, Caps Lock iandike A. Pia inaweza kukizima kabisa kitufe kinachojibonyeza. Kasoro yake ni kwamba haifanyi kazi kwenye ukurasa wa nywila. SharpKeys inafanya, kwa sababu mabadiliko yake yanaandikwa ndani ya Windows yenyewe na kusomwa mashine inapowaka.

Yule mwanafunzi aliniachia kibodi yake nimtafutie mteja. Nilipoitoa kwenye bahasha nikakuta Enter yake ni buti, na laptopu yake ni ya Enter iliyolala. Hata kibodi yake ya zamani ingekuwa mgonjwa kweli, hii mpya isingeingia.